Sura ya 7: Kwa Nini IST Haiundwi Kibaha

Msimu wa korosho ukifika Tunduru na fedha za minada zikaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, maongezi ya stendi hubadilika. Mwenye shamba kubwa anaulizia Probox au Noah. Mwenye duka anataka Canter ya kubebea mizigo kutoka Songea. Kijana aliyepata magunia machache anapigia hesabu pikipiki. Na kila mwaka huibuka lalamiko lile lile: gari hili kule Japani milioni kumi, mimi nalipa ishirini, hiyo nyingine anakula nani? Mchokozi zaidi huongeza la pili: kama ushuru ni mkali hivyo, kwa nini Toyota wasije kuliundia hapa hapa wakaukwepa?

Swali la kwanza linajibika kwa kalamu na karatasi. La pili ndilo linalostahili sura nzima, kwa sababu muulizaji amegusa imani ambayo mawaziri wa fedha wengi duniani wanaiishi: pandisha ushuru wa magari yanayotoka nje, na mwenye kiwanda atahama akufuate. Kuna mahali amehama kweli. Kwingine amebaki kwao na kutuma meli kama kawaida. Tuone tofauti iko wapi.

Milioni kumi inavyofika ishirini

Tuseme umeagiza Toyota IST ya injini ya cc 1,500, yenye umri wa zaidi ya miaka 10. Bei ya gari, bima na nauli ya meli hadi bandari ya Dar es Salaam tuziweke jumla milioni 10, ili hesabu iwe nyepesi. (Risiti ya muuzaji wa Yokohama peke yake haikuokoi. TRA wana mfumo wao wa kuthaminisha magari yaliyotumika.) Halafu inakuja foleni ya kodi:

- Ushuru wa forodha, yaani kodi inayotozwa bidhaa kwa sababu tu imevuka mpaka: asilimia 25, sawa na 2,500,000. Gari sasa ni 12,500,000.
- Ushuru wa bidhaa, kodi ya vitu maalumu kama bia, sigara na magari. Kwa injini ya ukubwa huu ni asilimia 5 ya hiyo 12,500,000, yaani 625,000.
- Ushuru wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka 10: asilimia 30, yaani 3,750,000.
- VAT ya asilimia 18 juu ya jumla yote hiyo: 3,037,500.

Umefika 19,912,500. Bado tozo ndogo ndogo, wakala wa forodha, usajili, na mafuta ya kulitoa Dar hadi Tunduru. Nani amekula? Serikali, karibu nusu ya bei.

Lakini angalia vizuri. Katika hiyo milioni 9.9 ya kodi, ushuru wa forodha wenyewe ni milioni 2.5 tu. VAT ungeilipa hata kama gari lingeundwa Kibaha. Kwa hiyo anayedhani Toyota wakihamia hapa bei itashuka hadi milioni kumi, amejumlisha kodi zote kana kwamba ni moja.

Mwenye kiwanda anatazama pengo

Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze mwaka 2005, nchi wanachama zina viwango vya pamoja vya ushuru kwa bidhaa zinazotoka nje ya jumuiya. Vilianza vikiwa vitatu: malighafi asilimia 0, bidhaa zilizofikia nusu ya safari asilimia 10, bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Mwaka 2022 kikaongezwa cha nne, asilimia 35, kwa bidhaa ambazo jumuiya inaamini inaweza kuzizalisha yenyewe.

Gari zima linaangukia kwenye 25. Gari lile lile likiletwa limefunguliwa vipande vipande ndani ya makasha, ili liunganishwe huku, linaangukia kwenye 0. Wafanyabiashara huiita mizigo ya namna hiyo CKD. Tofauti kati ya 25 na 0 ndiyo nitakayoiita pengo, na ndiyo inayomvutia mwenye kiwanda. Ushuru mkubwa usio na pengo haumhusu.

Chukua pick-up mpya ya milioni 80. Ikija nzima inalipa forodha milioni 20, ikija vipande hailipi kitu. Ukiuza 100 kwa mwaka, umeokoa bilioni 2, fedha ambayo haitoshi kulipia jengo, chumba cha rangi, umeme, mafundi na wahandisi wa kuwasimamia. Ukiuza 10,000, umeokoa bilioni 200, na hapo mazungumzo yanaanza. Kiwanda cha kweli cha magari, kile kinachokunja bati na kuchomelea bodi yake chenyewe, kwa kawaida huundwa kwa matarajio ya magari laki moja, laki mbili au zaidi kila mwaka.

Kwa kifupi, hesabu ya mwenye kiwanda ni pengo, mara idadi ya magari, mara miaka ambayo anaamini pengo litadumu. Kimojawapo kikiwa karibu na sifuri, jibu zima linakuwa karibu na sifuri.

Tunduru inaijua hesabu hii kwa upande wa korosho

Ushuru hutozwa pia kwa kinachotoka. Korosho ghafi inayosafirishwa nje ya Tanzania hulipiwa asilimia 15 ya thamani yake bandarini au dola 160 kwa tani, kiasi kinachozidi ndicho kinacholipwa. Korosho iliyobanguliwa haina mzigo huo. Kusudi ni lile lile la magari, ila limegeuzwa: kuifanya korosho ya ganda iwe ghali kuitoa, ili mashine ya kubangulia ijengwe karibu na shamba.

Na viwanda vilijengwa, hata kabla ya mpango huu wa ushuru. Katika miaka ya 1970 serikali ilijenga mlolongo wa viwanda vya kubangua, vingi vikiwa kusini, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na mitambo kutoka Italia na Japani. Kimoja kilijengwa Tunduru. Wakati huo nchi ilikuwa imetoka kuvuna tani 145,000 katika msimu wa 1973/74. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000: watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei ya mkulima ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga ulikuwa ukinyausha maua. Mitambo ikakosa cha kubangua. Baadhi ya viwanda vile vikaishia kuwa maghala.

Mikorosho imerudi, ushuru upo, pengo lipo. Bado sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania inapanda meli na ganda lake kwenda Vietnam na India. Kwa nini? Muulize mbanguaji wa ndani. Mnada unafanyika miezi michache, kwa hiyo lazima anunue ndani ya muda huo korosho ya kutumia mwaka mzima, kwa mkopo wa benki wenye riba ambayo mshindani wake wa Vietnam haijui. Mshindani huyo ananunua Tanzania miezi hii, Afrika Magharibi miezi mingine, na mashine zake hazilali. Pengo la asilimia 15 linamezwa na riba na mashine zilizolala. Mwaka 2018 yakazuka mabishano makali bungeni, wabunge wa kusini wakidai mgao wa ushuru huo uendelee kurudi kwenye zao. Mabishano hayo yalihusu fedha ziende wapi. Kiwanda kingekaa wapi halikuwa swali la siku ile, nami naona ndilo lilipaswa kutangulia.

Kenya ilijaribu mapema

Katikati ya miaka ya 1970 Kenya ilipata viwanda vitatu vya kuunganisha magari ndani ya muda mfupi: cha Leyland pale Thika, cha Associated Vehicle Assemblers Mombasa, na cha General Motors Nairobi. Havikuja kwa bahati. Serikali ilibana uingizaji wa magari mazima na kuruhusu vipande. Anayetaka kuuza Kenya alilazimika kufungulia makasha yake Kenya. Thika ilitoa malori na Land Rover, gari lile lile ambalo kwa miaka mingi ndilo pekee lililothubutu kubeba abiria kati ya Songea na Tunduru masika, kabla ya lami ya kilomita 193 kutoka Namtumbo.

Tanzania nayo ilikuwa na kiwanda cha TAMCO pale Kibaha, ambako katika miaka ya 1980 yaliunganishwa malori na mabasi ya Scania. Tatizo lake lilikuwa la wakati ule: vipande vinanunuliwa kwa fedha za kigeni, na nchi haikuwa nazo. Kuunganisha magari hakukuondolei haja ya dola. Kunaipunguza tu, tena kidogo.

Miaka ya 1990 milango ilifunguliwa. Magari yaliyotumika kutoka Japani, yenye usukani upande wa kulia kama yetu, yakafurika Mombasa na Dar. Viwanda vya Kenya havikufa, ila vilikonda. Miaka mingi ya karibuni Kenya nzima huuza magari mapya kati ya 10,000 na 15,000, ya kila chapa na kila aina, malori yakiwemo. Idadi hiyo imegawanywa kwa viwanda kadhaa. Volkswagen walirudi Thika mwishoni mwa 2016, Peugeot wakafuata 2017, na mwaka 2018 Volkswagen wakafungua Kigali. Kule Rwanda hawakutegemea wanunuzi wa kawaida. Walianzisha huduma yao ya kukodisha na kubeba abiria, wakawa wateja wa magari yao wenyewe. Hilo peke yake linakuambia soko lilikuwa na ukubwa gani.

Msomaji atauliza: si tuna jumuiya? Kiwanda kimoja Thika kiuzie Arusha, Kampala na Tunduru, idadi itatosha. Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini ili gari livuke Namanga bila ushuru, ni lazima lithibitishe kuwa ni la Afrika Mashariki chini ya kanuni za uasili, yaani masharti yanayosema ni kiasi gani cha thamani ya bidhaa lazima kiwe kimezaliwa ndani ya jumuiya. Gari ambalo injini, gia na bodi vimetoka nje, huku zikafanyika kazi za kufunga na kupaka rangi, linapata shida kulitimiza sharti hilo. Ongeza tabia ya kila nchi kuomba kila mwaka ruhusa ya kutotumia baadhi ya viwango vya pamoja, na soko la pamoja linabaki limepasuka vipande.

Kuku waliojenga kiwanda Tennessee

Mfano wa ushuru uliofanya kazi uko Marekani, na chanzo chake ni kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuku wa bei rahisi wa Marekani walijaa Ulaya. Ufaransa na Ujerumani Magharibi zikawawekea ushuru. Marekani ikalipiza, na kuanzia 1964 pick-up na malori madogo kutoka nje yakawa yanatozwa asilimia 25, wakati gari dogo la abiria lilikuja kutozwa asilimia 2.5 tu. Ugomvi wa kuku ulikwisha. Ushuru haukuondoka.

Wajapani walianza kwa ujanja. Pick-up iliyofika bila bodi ya nyuma ilihesabiwa kuwa haijakamilika na kulipa asilimia 4, basi Toyota wakafungua karakana Long Beach, California, ya kutengeneza bodi na kuzifunga huko huko. Mwaka 1980 mwanya ukazibwa. Mwaka 1983 Nissan wakaanza kuunda pick-up Smyrna, Tennessee. Ford, Wamarekani wenyewe, baadaye waliingiza magari madogo ya mizigo kutoka Uturuki yakiwa na viti vya nyuma, yahesabiwe kuwa ya abiria, kisha wakang'oa viti baada ya forodha. Mwaka 2024 walikubali kulipa dola milioni 365 kumaliza kesi hiyo.

Nissan walihamia Tennessee kwa sababu vipengele vyote vitatu vilikuwepo. Pengo lilikuwa kubwa, Wamarekani walinunua pick-up kwa mamilioni, na kila mtu aliamini kuwa hakuna rais atakayethubutu kuugusa ushuru ule. Linganisha na mwaka 2025, Marekani ilipotangaza mwezi Aprili asilimia 25 ya ziada kwa magari ya nje, na kabla mwaka haujaisha ikakubaliana na Japani iwe asilimia 15 kwa jumla. Kiwanda kinachukua miaka kadhaa kujengwa. Nani anamwaga zege juu ya namba inayobadilika kabla zege halijakauka?

Mtumba hausikii ushuru

Sasa turudi kwa mteja wetu wa Tunduru. Tuseme kampuni imekuja Kibaha, imeunganisha gari dogo jipya ambalo likiletwa zima lina thamani ya milioni 50. Forodha ya milioni 12.5 imeepukwa yote. Ukiweka VAT peke yake, linauzwa milioni 59. Lakini yeye hashindanishi gari jipya la Kibaha na gari jipya la Japani. Anashindanisha gari la Kibaha na IST ya milioni 20. Na ushuru wa asilimia, kwa asili yake, unambana mwenye kitu ghali kwa shilingi nyingi na mwenye kitu rahisi kwa shilingi chache. Hata ukiuongeza ushuru wa uchakavu maradufu, mtumba bado unashinda.

Ndiyo maana nchi zilizofanikiwa hazikutegemea ushuru peke yake. Afrika Kusini haimruhusu mwananchi wa kawaida kuingiza gari lililotumika kwa ajili ya kuuza, na ndiko kuliko na viwanda vikubwa vya Toyota Durban, BMW Rosslyn na Mercedes-Benz East London. Kenya ina ukomo wa miaka 8. Serikali ilipopendekeza kuushusha hadi miaka 5, wafanyabiashara wa magari walipinga na ukomo wa 8 ukabaki.

Mimi nisingeunga mkono tufuate Afrika Kusini kesho. Katazo la mtumba ni kodi anayolipa muuguzi wa Tunduru, mwalimu wa Namtumbo na mwenye teksi wa Songea, ili mfanyakazi wa Kibaha apate ajira. Huenda siku moja biashara hiyo itafaa. Lakini anayeipigia debe aseme wazi nani analipa.

Pale ambapo hesabu ilikubali

Tazama pikipiki. Mtumba wa pikipiki si tishio, kwa sababu mpya ni ya bei ambayo bodaboda anaweza kuifikia kwa mkataba. Idadi inayouzwa ni kubwa, na hata Tunduru zimeenea hadi vijiji vya mpakani Ruvuma. Pikipiki iliyofunguliwa inakaa vizuri kwenye kasha, kwa hiyo kontena moja linabeba nyingi kuliko zikija nzima, na kuziunganisha kunahitaji spana, mafundi na ghala, bila tanuri la rangi la mabilioni. Matokeo yake, Boxer na TVS nyingi unazoziona barabarani zilifika zikiwa ndani ya makasha na kufungwa humu humu Afrika Mashariki. Injini bado ni za India na China. Lakini kazi ya kuzifunga imekuja, bila mkutano wa hadhara.

Trekta ni kinyume chake. Kwa kuwa tunataka mkulima alipate kwa bei nafuu, trekta zima la kilimo linaingia kwa ushuru wa asilimia 0. Uamuzi wa busara kwa mkulima. Lakini pengo ni nini? Sifuri. Hivyo mradi wa kuunganisha matrekta ya Ursus pale pale TAMCO, ulioanza kwa mkopo wa Polandi chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, haukuwa na ukuta wowote wa forodha wa kuegemea. Ukakwama, na Ursus yenyewe ikafilisika kwao.

Ukuta mrefu sana nao una yake. Nigeria mwaka 2013 ilifikisha jumla ya ushuru na tozo ya magari mapya asilimia 70. Kampuni nyingi zikatangaza viwanda, na magari mengi zaidi yakashushwa Cotonou, Benin, yakavushwa kwa njia za panya. Mwaka 2020 tozo ikapunguzwa. Australia ililinda magari yake kwa asilimia 57.5 katika miaka ya 1980, ikashusha taratibu hadi 5, na mwezi Oktoba 2017 Toyota na Holden wakafunga viwanda vyao vya mwisho.

Akija mtu na ahadi ya kiwanda

Kampeni zitakuja, na kuna atakayesimama uwanjani Tunduru au Songea kusema Ruvuma itaunda magari. Msikilize, kisha muulize:

1. Ushuru wa gari zima na wa vipande unapishana kwa kiasi gani, na sheria hiyo itadumu miaka mingapi?
2. Yatauzwa mangapi kwa mwaka, na nani atayanunua wakati IST ipo?
3. Je, Zambia, Malawi, Msumbiji na Kenya zitayapokea bila ushuru, kwa kanuni zipi za uasili?
4. Vipande vitanunuliwa kwa dola za kutoka wapi?

Akishindwa la pili, usimsumbue na mengine. Kisha mgeuzie swali kwenye korosho: mbanguaji wa ndani atapata wapi mkopo wa riba nafuu kabla ya mnada? Malighafi ya kiwanda hicho tayari inalala kwenye maghala ya Tunduru kila msimu, pengo la ushuru lipo kisheria, na soko lake ni dunia nzima. Kwa hesabu za sura hii, hicho ndicho kiwanda ambacho Tunduru ina haki ya kukidai leo.